Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Lady Hallett: anayeamriwa kukaa ndani alipwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Uchunguzi wa Umma wa Korona,

Nakuandikia kutoka Kingsbury, manispaa ya Brent, kaskazini-magharibi mwa London. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi ninaowasemea humu ndiyo lugha yao ya nyumbani, nao wana haki ya kujua nimesema nini kwa jina lao. Wafasiri wewe hukosi.

Ripoti yako ya Novemba 2025 inasema serikali ilifanya machache mno na ilichelewa mno. Inasema amri ya kukaa ndani ingetolewa tarehe 16 Machi 2020 badala ya tarehe 23, watu wapatao 23,000 wasingekufa England katika wimbi la kwanza. Wako waliokasirishwa na hesabu hiyo, na wako walioilia. Mimi sigombani nayo. Ninachotaka ni kurudi nyuma hatua moja, niulize wiki ile ilipotelea wapi. Umetueleza vya kutosha kuhusu fujo za Downing Street, kuhusu washauri waliokuwa wakitukanana kwenye simu, kuhusu wanasayansi waliodhani wananchi watachoka mapema. Yote hayo sawa. Naomba sasa utazame jambo kavu zaidi, nalo ni tarehe za pesa.

Ijumaa tarehe 20 Machi 2020, jioni, waziri mkuu alitangaza kufungwa kwa mabaa na migahawa. Jioni hiyohiyo, kwenye meza ileile, Rishi Sunak, waziri wa fedha wa wakati ule, alitangaza kwamba Hazina italipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango huo huku kila mtu aliuita furlo. Jumatatu ikaja amri ya wote kukaa ndani. Alhamisi, tarehe 26, wakakumbukwa waliojiajiri. Amri na pesa zilitembea pamoja, na zote zilichelewa pamoja. Julai mwaka uleule Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma ilieleza sababu: serikali ilikuwa imefanya mazoezi ya kukabili janga la mafua tangu 2016, lakini haikuwa imejiandaa kwa yatakayoupata uchumi, na mipango ya kusaidia watu ilianza kufikiriwa katikati ya Machi, moto ukiwa umeshafika paani.

Kwa jinsi ninavyosoma tarehe hizo, mtawala ambaye hana pesa mkononi huogopa kutoa amri. Ataita wachumi, ataita madaktari, atasema anapima. Kwenye vikao vyako tumesikia sana habari za kupima, afya upande huu na uchumi upande ule. Sisi wa Kingsbury mizani hiyo hatukuiona. Waliokufa kwa korona na waliokosa kodi ya nyumba kwa ajili ya korona walikuwa watu walewale, mara nyingi chini ya paa moja.

Tarehe 19 Machi 2020, siku nne kabla ya amri, Hospitali ya Northwick Park, ambako watu wa huku hukimbizwa wakizidiwa, ilitangaza hali ya hatari. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vimejaa, ikawa inaomba hospitali jirani ziwapokee wagonjwa wake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipohesabu vifo vya Machi hadi mwisho wa Mei, Brent ilitoka ya kwanza katika England na Wales nzima: vifo 210.9 kwa kila watu 100,000, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi. Wataalamu wakaanza kutaja vitamini, kisukari, presha, vyakula vyetu, hata idadi ya bibi na babu tunaoishi nao. Sikatai kwamba kisukari kinatumaliza. Ila ofisi hiyohiyo ilipanga vifo vya wanaume wenye umri wa kufanya kazi, hadi tarehe 25 Mei, kwa kufuata kazi zao. Wastani wa wanaume wote ulikuwa 19.1 kwa kila 100,000. Madereva wa mabasi walikuwa 44.2. Madereva wa teksi, 65.3. Walinzi, 74.

Ukitaka kujua Kingsbury inakula kwa kazi gani, njoo usimame kwenye kituo chetu cha treni alfajiri, kabla hakujapambazuka. Reli ya Jubilee inatoka hapa moja kwa moja hadi Canary Wharf bila mtu kubadilisha treni. Wanaopanda saa hiyo ni wasafishaji wa maofisi ya mabenki ya huko, walinzi wa zamu ya mchana, wapishi, wauguzi wanaoshukia njiani. Wanaokalia viti vya maofisi hayo hupanda baadaye, kwenye vituo vingine. Machi 2020 wenye viti walifungua kompyuta kwenye meza zao za jikoni, na mshahara ukaingia kama kawaida. Wenye ndoo na mafagio treni yao haikusimama. Sensa ya 2021 inaonesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa Brent, asilimia 56 hivi, wamezaliwa nje ya Uingereza, na hakuna manispaa nyingine England na Wales inayoifikia. Tume ya Umaskini ya Brent, chini ya uenyekiti wa Lord Best, iliripoti Agosti 2020 kwamba kaya 17 katika kila 100 zinaishi katika umaskini, na ukishatoa gharama za nyumba zinakuwa 33. Kwa hiyo mtu anapoambiwa ajitenge chumbani, muulize kwanza chumba hicho anakilala na nani.

Kazi yangu mimi ni kutunza hesabu za biashara ndogondogo: saluni, duka la mboga, mgahawa, fundi wa magari. Kwa hiyo janga hili nililiona kwa njia ya hati za mishahara, na naomba nikuoneshe moja, ya Aprili 2020. Mwenyewe ni dada tunayetoka naye pwani moja. Jina lake nalihifadhi, na makao ya wazee aliyokuwa akifanyia kazi nayaacha pia.

Alikuwa akilipwa kima cha chini cha wakati ule, pauni 8.72 kwa saa. Wiki ya saa 40 ilimpa pauni 348.80 kabla ya makato. Mwenzake wa chumba cha pili, katika nyumba ya kupanga, akaanza kukohoa. Kanuni ilisema anayekohoa akae ndani siku 7, na wote wa nyumba hiyo wakae siku 14. Akaja kwangu jioni. Tulisimama kila mtu upande wake wa kizingiti, yeye amejifunga leso puani, akaninyooshea simu nisome. Ulikuwa ujumbe wa wakala wa kazi unaomuuliza kama Jumamosi ataingia zamu, ajibu haraka maana wengi wameshakataa. Hakuniuliza lolote kuhusu virusi. Aliniuliza, “Nikikaa wiki mbili, napungukiwa ngapi?”

Nilimpigia hesabu palepale, nyuma ya bahasha. Malipo ya ugonjwa yaliyowekwa na sheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Toa hapo kwenye 348.80, zinabaki pauni 252.95. Mara mbili, pauni 505.90. Akaitazama bahasha kwa muda, akanishukuru, akaondoka. Jumamosi aliingia zamu. Simlaumu, na wala simtetei. Nakueleza tu uamuzi wa afya ya umma ulivyofanyika kwenye mlango mmoja wa Kingsbury, na aliyeufanya hakuwa daktari wala waziri. Waziri mwenyewe wa Afya, Matt Hancock, alikuwa ameulizwa kwenye televisheni tarehe 19 Machi kama angeweza kuishi kwa malipo hayo. Akajibu kwamba asingeweza.

Wapo waliokuwa na hali mbaya kuliko ya dada huyu. Sheria ilimtaka mfanyakazi awe anapata angalau pauni 120 kwa wiki kutoka kwa mwajiri mmoja ndipo alipwe chochote akiugua. Mtu mwenye vibarua vitatu, kila kimoja pauni 100, hakustahili hata senti, ingawa kwa jumla alizidi kiwango hicho mara mbili na zaidi. Nina wateja wa namna hiyo, mmoja alikuwa akifagia ngazi za maghorofa matatu tofauti.

Halafu kuna mzigo ambao haumo kwenye hati yoyote ya mshahara hapa London. Dada yule alikuwa akilisha nyumba ya pili, Mombasa. Hoteli za pwani zilikuwa zimefungwa, watalii hakuna, na mapema Mei serikali ya Kenya ikazuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale. Kaka zake wawili walikuwa wakiishi kwa utalii. Benki ya Dunia ilitabiri Aprili 2020 kwamba pesa zinazotumwa na wahamiaji kwenda nchi maskini zitaporomoka kwa karibu asilimia 20. Zilizokwenda Kenya ziliongezeka. Mwaka 2019 zilikuwa dola bilioni 2.8, mwaka 2020 zikapita bilioni 3. Wachumi walishangaa. Mtu yeyote aliyepanga foleni ya kutuma pesa kwenye barabara ya Kingsbury mwaka ule hakushangaa: nyumbani kukifungwa, simu zinalia huku, na anayepokea simu hawezi kujibu kwamba naye yuko ndani. Amri ya Nairobi na amri ya London zilikutana kwenye mfuko mmoja wa koti. Sijaona mchumi yeyote mbele yako akiliweka hilo kwenye hesabu zake.

Sasa niwageukie wenye maduka, maana nikinyamaza kuhusu wao nitakuwa nimewadhulumu, na hata hivyo ndio wanaonilipa. Familia nyingi zenye biashara hapa kwetu ni za Kihindi kutoka Afrika Mashariki: zilizotoka Kenya mwaka 1968, zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na nyingine za Tanzania. Wazee wao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswahili, na muhogo wa kukaanga kwa pilipili wanaupika kuliko sisi. Hawa ni watu waliowahi kupoteza kila kitu kwa amri ya serikali moja, na serikali ya pili ilipowaambia wafunge milango waliogopa kwa sababu zao. Malalamiko yao si madogo. Duka la nguo lilifungwa wakati supamaketi iliyo jirani iliendelea kuuza nguo zilezile. Waliambiwa wakope: hadi pauni 50,000, riba asilimia 2.5, fomu fupi. Wakakopa, na wapo ambao mpaka leo kila mwezi naliona rejesho hilo likitoka kwenye akaunti. Wenye maduka ya mithai, vitamu vya Kihindi, walijiandaa kwa Diwali ya tarehe 14 Novemba 2020, wakajikuta katikati ya kufungwa mara ya pili, ingawa chakula kiliruhusiwa kuuzwa. Nani atanunua kilo tano za mithai kama hakuna wageni?

Lakini ukiwauliza nini kiliwaumiza zaidi, hawataji kufungwa kwenyewe. Wanataja kutojua. Washauri wa sayansi wa serikali walipendekeza tarehe 21 Septemba 2020 kwamba shughuli zisimamishwe kwa muda mfupi. Serikali ikachagua mabaa yafungwe saa nne usiku. Hazina nayo ilikuwa imetangaza kwamba furlo inakwisha tarehe 31 Oktoba na itafuatiwa na mpango mwembamba zaidi. Waajiri wakapiga hesabu zao, wakatoa barua za kuachisha kazi. Tarehe 31 Oktoba yenyewe, Jumamosi jioni, saa chache kabla furlo haijakata roho, waziri mkuu akatangaza kufungwa upya na furlo ikarefushwa. Baadhi ya barua hizo nilikuwa nimezichapa mimi. Nilishinda wiki nzima iliyofuata nikiwasaidia wenye mgahawa kuwaita tena watu waliokwisha kuwaaga. Wengine walipatikana, wengine walikuwa wameshahama.

Na kabla ya hapo palikuwa na Agosti. Serikali ililipa nusu ya bei ya chakula cha mtu yeyote aliyekwenda kula mgahawani Jumatatu hadi Jumatano, hadi pauni 10 kwa kichwa. Ilitumia pauni milioni 849. Wateja wangu walifurahi, na mimi nilifurahi kwa ajili yao; meza zilijaa. Msaada wa pauni 500 kwa mtu wa kipato kidogo aliyeamriwa kujitenga ulianza tarehe 28 Septemba. Tuliweka nusu ya pilau ya anayeweza kutoka mbele ya mchele wa asiyeruhusiwa kutoka. Na kumbuka ile hesabu ya nyuma ya bahasha, pauni 505.90: Hazina ilifika karibu na jibu hilohilo, ikiwa imechelewa miezi mitano. Hata ilipofika, ilimtaka mwombaji awe tayari anapokea mojawapo ya ruzuku za serikali. Asiyezipokea aliangukia kwenye mfuko wa hiari uliokuwa na masharti yake. Wakati huohuo mfumo wa kupima na kufuatilia walioambukizwa ulikuwa umetengewa pauni bilioni 37 kwa miaka miwili. Uchunguzi wa watafiti wa King's College London na wenzao, uliochapishwa Machi 2021, ulionesha kwamba chini ya nusu ya waliokuwa na dalili walijitenga kikamilifu, na waliokuwa na shida ya pesa walishindwa zaidi. Mabilioni yalitumika kumtafuta mtu mlangoni kwake. Kumwezesha abaki nyuma ya mlango huo kulionekana ni anasa.

Wapo watakaosema: basi afadhali kusingefungwa kabisa. Hoja hiyo naijua, kwa sababu nyumbani Afrika Mashariki ilijaribiwa hadi mwisho. Rais John Magufuli alikataa kufunga Tanzania. Alisema watu waendelee kufanya kazi. Hoja yake haikuwa ya kijinga: mama lishe wa Kariakoo asipowasha jiko asubuhi, jioni nyumbani kwake hakuliki, na hakuna Hazina ya kumlipa asilimia 80 ya chochote. Kosa lilikuja pale takwimu zilipozimwa. Takwimu za mwisho za wakati ule zilibaki wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni 2020 akatangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Februari 2021 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Machi, akafariki Magufuli mwenyewe; serikali ilisema ni moyo. Tarehe 28 Julai mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na nchi ikaanza kuizungumzia korona kwa sauti ya kawaida.

Kenya ilikwenda njia nyingine, ikafunga kwa rungu. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na siku tatu baadaye, huko Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13, Yassin Hussein Moyo, akapigwa risasi akiwa roshani kwao wakati polisi wakisimamia kafyu hiyo mtaani. Kafyu haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Wapo wasichana ambao hawakurudi.

Nazitaja nchi hizi kwa sababu moja. Kila moja ingeweza kusema, na kwa haki, kwamba haina pesa za kuwaweka watu ndani. Uingereza haikuwa na udhuru huo. Iliweza kukopa, na ilikopa: furlo peke yake iligharimu pauni bilioni 70 na ikashika ajira milioni 11.7. Nasema wazi kwamba mpango huo ulikuwa jambo kubwa. Nimeona familia zilizoponea hapo, na niliingiza madai kwenye mtandao wa mamlaka ya mapato usiku wa siku ya kwanza ulipofunguliwa, tarehe 20 Aprili 2020, nikaona unafanya kazi. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba lisilofanyika lilikuwa haliwezekani. Aliyekatazwa kazi kwa sababu mgahawa umefungwa alilipwa asilimia 80. Aliyekatazwa kazi kwa sababu anaweza kumwambukiza mzee wa miaka 90 alilipwa kama asilimia 27 ya mshahara wa dada yule. Nani kati ya hao wawili alikuwa na hatari zaidi kwa taifa akitoka nje?

Ripoti yako kuhusu hatua za kiuchumi bado tunaisubiri, na hapo ndipo penye ombi langu. Najua yapo mabadiliko. Sheria ya Haki za Ajira iliyopitishwa Desemba 2025 inaondoa, kuanzia Aprili 2026, siku tatu za mwanzo za ugonjwa ambazo hazikuwa zikilipwa, na inaondoa lile sharti la kipato cha chini kwa mwajiri mmoja. Mfagiaji wa ngazi tatu atapata kitu. Hilo ni jema, na vyama vya wafanyakazi vilivyolipigania vinastahili shukrani. Lakini kiasi chenyewe hakifiki pauni 125 kwa wiki, wakati kima cha chini cha mshahara tangu Aprili hiyo ni pauni 12.71 kwa saa, yaani pauni 508.40 kwa saa 40. Piga hesabu: ni kama robo. Mwaka 2020 ilikuwa zaidi kidogo ya robo. Janga lingine likija kesho, mlezi wa wazee wa Kingsbury atauliza swali lilelile kizingitini, na jibu litakuwa baya zaidi.

Pendekeza basi, Mheshimiwa, kwamba sheria iandikwe sasa, wakati wa utulivu: siku serikali inapotangaza janga, malipo ya ugonjwa na ya kujitenga yapande yenyewe hadi asilimia 80 ya mshahara, kiwango kilekile cha furlo, kwa kila anayeamriwa kukaa ndani, awe na ruzuku au asiwe nayo. Waziri wa Fedha asiwe na haja ya kukutana na mtu yeyote siku hiyo. Wenye maduka nao waambiwe mapema: mkifungwa, hiki ndicho mtakacholipwa, na kwa muda huu. Nina hakika wengi wa wateja wangu wangekubali kufunga mapema na kwa muda mfupi kama wangejua hayo, kuliko kufunguliwa na kufungwa kama ilivyokuwa.

Halafu wapo wenye gari zao, wa teksi za kuagiza kwa simu, ambao sheria hiyo mpya haiwagusi kwa kuwa hawana mwajiri. Tangu Machi 2020 kazi ya madereva hawa ilikaribia kusimama. Mpango wa waliojiajiri ulifungua madirisha tarehe 13 Mei, wiki saba baada ya amri ya kukaa ndani. Na aliyeanza udereva majira ya joto 2019 hakupata kitu mpaka majira ya kuchipua 2021, kwa kuwa fomu yake ya kodi ya mwaka 2018–19 haikuwa na biashara hiyo ndani yake. Nilikuwa na mteja mmoja wa aina hiyo, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Aliendelea kuendesha. Abiria aliowapata Aprili ile, aliniambia, karibu wote alikuwa akiwapeleka hospitali au kuwatoa.

Mamlaka ya mapato ina fomu za hawa watu wote kila tarehe 31 Januari. Inajua walichopata mwaka jana. Ripoti yako iitake Hazina iandike mpango wao leo, wenye namna ya kumkokotolea na yule aliyeanza mwezi uliopita, iuchapishe, na iupitie upya kila mwaka pamoja na bajeti, ili siku ya amri kazi iliyobaki iwe ni kubonyeza tu.

Wako kwa heshima,
Mtunza hesabu,
Kingsbury, London